Bibi Salme wa Zanzibar: mama aliyewarithisha wanawe kitabu

Mnamo Februari 29, 1924, katika mji wa Jena nchini Ujerumani, alifariki dunia bibi mmoja mwenye umri wa miaka 79 ambaye majirani zake walimjua kwa jina la Bi Emily Ruete. Homa ya mapafu ndiyo iliyomwondoa. Kwa miaka mingi alikuwa ameishi maisha ya kawaida ya mjane wa Kijerumani, lakini jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Salme binti Said, naye alikuwa mzaliwa wa Unguja, binti wa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar.

Zaidi ya karne moja imepita tangu kifo chake, na katika visiwa vya Zanzibar bado anatajwa kwa jambo moja kubwa kuliko yote: binti wa mfalme aliyetoroka na Mzungu. Habari hiyo ni ya kweli, ila ilichukua miezi michache tu ya uhai wake. Miaka iliyobaki, zaidi ya nusu karne, aliishi akiwa mke kwa muda mfupi, mjane kwa muda mrefu, na mama wa watoto watatu aliowalea katika nchi ya ugenini bila mali wala jamaa wa damu wa kumshika mkono. Maisha hayo ya mama ndiyo yaliyozaa kitabu ambacho leo wanahistoria wa Afrika Mashariki hawawezi kukiacha kando.

Mtoto wa Mtoni

Salme alizaliwa Agosti 30, 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, pale ambapo mto mdogo humwaga maji yake baharini. Baba yake alikuwa ameyahamishia Zanzibar makao ya utawala wake kutoka Muscat, akahimiza kilimo cha mikarafuu, na kuufanya mji wa Unguja kuwa soko kuu la karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Misafara iliyovuka kutoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipata mtaji wake Unguja. Ni kwa njia hizo pia Kiswahili kilifika katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, na jamii za Waswahili wanaoishi huko hadi leo ni sehemu ya urithi wa safari hizo.

Mama yake aliitwa Jilfidan, suria wa Kicherkesi kutoka upande wa milima ya Kaukasi. Wazazi wake walikuwa wakulima. Vita vilipofika kwao waliuawa, na watoto waliobaki wakagawanywa kati ya watekaji, kila mmoja akapelekwa upande wake. Jilfidan hakuwaona tena ndugu zake. Aliingia katika nyumba ya Sayyid Said akiwa bado mtoto wa miaka saba au minane, akakulia humo, akajifunza kusoma, na alipokuwa mtu mzima akajulikana katika jumba zima kwa huruma yake kwa wagonjwa, ambao aliwatembelea na kuwasomea. Salme alikuwa mtoto wake pekee aliyebaki hai.

Katika nyumba ya mfalme kulisikika lugha nyingi: Kiarabu, Kiswahili, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi na Kihabeshi. Watoto wa kike walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika kulihesabiwa kuwa kazi ya wanaume. Salme hakuridhika. Kwa siri alinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliotumika kama ubao wa kuandikia, mpaka mkono ukazoea. Hakuna aliyejua wakati huo kwamba mkono huo ungeleta balaa kwanza, na baadaye uwe kimbilio lake.

Karani wa miaka 15

Sayyid Said alifariki baharini mwaka 1856 alipokuwa akirejea kutoka Oman. Mwanawe Majid akatawala Zanzibar. Miaka mitatu baadaye kipindupindu kikaingia kisiwani, na mwaka 1859 kikamchukua Jilfidan. Salme alikaa ubavuni mwa mama yake bila kuogopa ambukizo. Akiwa na miaka 15 alibaki yatima wa pande zote mbili, mwenye mashamba aliyorithi lakini bila mtu wa kumwongoza.

Katika hali hiyo ya upweke alivutwa na dada yake Khole kuingia katika njama ya kaka yao Barghash, aliyetaka kumpindua Majid. Kwa kuwa Salme alijua kuandika, alifanywa karani wa njama hiyo na kuandika barua za siri. Jaribio lilishindwa baada ya majeshi ya Waingereza kumsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Majid hakumwadhibu dada yake mdogo. Baadaye Salme alipatana naye, lakini upatanisho huo ulimgharimu: Khole na Barghash waliuona kuwa ni usaliti. Wakati huo alikuwa amejitengea maadui wawili ndani ya ukoo wake, na mmoja wao angekuja kuwa Sultani.

Usiku wa Mwaka

Nyumba aliyohamia mjini ilipakana na nyumba ya mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mapaa yalikaribiana, salamu zikavuka, na urafiki ukawa mapenzi. Mwaka 1866 Salme alikuwa mjamzito. Sharia haikumruhusu mwanamke wa Kiislamu kuolewa na mwanamume asiye Mwislamu, na hali yake, akiwa hajaolewa, ilimweka katika hatari ya kupoteza maisha.

Mwezi Agosti mwaka huo aliondoka Unguja katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer. Inasimuliwa kwamba alitumia usiku wa sikukuu ya Mwaka, wakati wanawake wanapoteremka pwani kuoga baharini, ili mashua imchukue bila kutambuliwa. Aliteremshwa Aden, akapokewa na watu aliofahamiana nao Zanzibar, na huko, Desemba 1866, akajifungua mtoto wa kiume aliyeitwa Heinrich.

Ruete alibaki Unguja kwa miezi kadhaa akimaliza shughuli zake za biashara, jambo linaloonyesha kwamba Majid hakutaka kulipiza kisasi. Alipowasili Aden, Salme alikuwa tayari kubatizwa, na Mei 30, 1867 wakafunga ndoa. Tangu siku hiyo aliitwa Emily Ruete. Siku hiyo hiyo walianza safari ya Ulaya, lakini furaha haikudumu. Mtoto wao Heinrich alifariki njiani, wakiwa wangali Ufaransa, kabla hajaiona nchi ya baba yake.

Mke kwa miaka mitatu

Hamburg ilimpokea kwa baridi ya kila namna. Hakujua Kijerumani, na kwa muda mrefu yeye na mumewe walizungumza Kiswahili nyumbani. Alilazimika kuzoea nguo za kubana, vyakula vigeni, madirisha yaliyofungwa, na macho ya watu waliomtazama kama kitu cha maonyesho. Mumewe aliyafahamu mambo ya Unguja, akijua harufu ya karafuu zinazoanikwa na sauti ya adhana ya alfajiri. Kwa Emily, nyumba yao ilikuwa ndiyo kipande cha Zanzibar kilichosalia.

Watoto wakaja mmoja baada ya mwingine: Antonie mwaka 1868, Rudolph mwaka 1869, na Rosalie mwezi Aprili 1870. Kila mmoja alipewa pia jina la upande wa mama. Antonie aliitwa Thawka, Rudolph akaitwa Said kwa jina la babu yake, na Rosalie akaitwa Ghuza.

Mwezi Agosti 1870 Ruete alianguka aliposhuka kwenye gari la abiria lililokokotwa na farasi katika reli za mjini, naye akakanyagwa. Alifariki baada ya siku chache. Rosalie alikuwa na umri usiofika miezi minne. Mwezi Oktoba wa mwaka huo huo Majid pia alifariki Zanzibar, na kiti chake kikachukuliwa na Barghash. Ndani ya miezi miwili Emily alikuwa amepoteza mume aliyemleta Ulaya na kaka ambaye pengine angemruhusu kurudi nyumbani.

Mjane chini ya walezi

Sheria za Hamburg za wakati ule hazikumwachia mjane uhuru wa kusimamia mali ya watoto wake. Waliteuliwa walezi wa kiume, na mama alitakiwa kupata kibali chao katika mambo ya fedha. Mali ikayeyuka. Fedha zilizokuwa mikononi mwa watu wengine hazikurudi zote, na kutoka Zanzibar hakupata chochote.

Emily alihama Hamburg, mji uliokuwa ghali kwake, akaishi Dresden, Rudolstadt na Berlin. Aliuza vito alivyokuja navyo, akafundisha Kiarabu kwa malipo, akajifunza kupika, kushona na kusafisha nyumba, kazi ambazo alipokuwa mtoto zilifanywa na watumwa wa baba yake. Jamaa wa mumewe na marafiki wengine walimshauri mara kwa mara awagawe watoto kwa familia zenye uwezo. Alikataa. Mama yake mwenyewe alikuwa ametenganishwa na ndugu zake na watekaji, na Emily alikuwa amekua akiijua hadithi hiyo. Wanawe watatu walilelewa pamoja.

Chaguo la London

Mwaka 1875 Sultani Barghash alifanya ziara rasmi Uingereza. Emily aliona mlango umefunguka. Alijifunza Kiingereza kidogo, akawaacha watoto kwa muda, akavuka kwenda London kwa nia ya kuonana na kaka yake ana kwa ana na kumwomba msamaha na haki yake ya mirathi.

Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na mazungumzo yake na Barghash kuhusu biashara ya watumwa, haikutaka usumbufu huo. Sir Bartle Frere alikwenda kumwona na kumwekea mambo mawili mbele yake: amwendee kaka yake bila uhakika wa kupata kitu, au aache jambo hilo, na kwa kufanya hivyo mustakabali wa watoto wake uangaliwe na serikali. Emily alichagua watoto. Barghash aliondoka London bila kukutana na dada yake.

Ahadi ile haikutimizwa. Baadaye aliarifiwa kwamba, kwa kuwa sasa alikuwa raia wa Ujerumani, Uingereza haikuwa na wajibu kwake. Alirudi kwa wanawe mikono mitupu, akiwa amepoteza pia nafasi ya kuuona uso wa kaka yake.

Manowari za Bismarck

Miaka kumi baadaye jina la Emily liliingia katika siasa kubwa zaidi. Mwezi Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani alitoa hati ya ulinzi kwa maeneo ya bara yaliyodaiwa na kampuni ya Carl Peters. Barghash akapinga, akisema maeneo hayo ni yake. Kansela Bismarck alituma manowari Zanzibar, na serikali yake ikaona faida ya kumsafirisha pia dada wa Sultani, mwenye watoto raia wa Ujerumani na madai ya mirathi.

Agosti 1885 Emily aliiona tena Unguja baada ya miaka 19, akiwa na watoto wake wote watatu, ambao walikuwa wakiiona kwa mara ya kwanza. Watu wa mjini walimiminika kumtazama, wengi wakamsalimu kwa heshima na mapenzi kwa Kiarabu na Kiswahili, ingawa walijua kwamba Sultani hangependezwa. Aliwaonyesha wanawe jumba la Mtoni, akakuta limeanza kuwa gofu: ngazi zimeanguka, majani yameota mahali pa hodhi za kuogea.

Barghash hakukubali kumwona. Mbele ya mizinga ya manowari Sultani aliyakubali matakwa ya Ujerumani kuhusu bara, na mara jambo hilo lilipokwisha, madai ya Emily hayakuwa na thamani tena kwa Berlin. Koloni lililoanza kuundwa katika miezi ile ndilo lililokuja kuitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, likazihusisha baadaye Ruanda na Urundi pamoja na Tanganyika. Mama aliyefuata haki ya wanawe alikuwa ametumiwa kama kete katika mchezo ambao matokeo yake yalifika mbali na kisiwa chake.

Kwa upande wa Barghash, hoja yake ilikuwa na msingi katika sharia, ambayo haimrithishi aliyetoka katika Uislamu. Lakini chini ya hoja hiyo kulikuwa pia na jeraha la 1859 ambalo halikupona. Barghash alifariki mwaka 1888. Emily alisafiri tena Zanzibar mwaka huo huo, wakati wa utawala wa kaka yao mwingine, Khalifa, akakuta mlango umefungwa kama kwanza.

Kitabu cha watoto watatu

Mwaka 1886, kati ya safari hizo mbili, kumbukumbu zake zilichapishwa Berlin kwa Kijerumani. Alikuwa ameanza kuziandika miaka kadhaa kabla, bila nia ya kuzitoa hadharani. Afya yake ilikuwa dhaifu, akadhani hataishi hadi wanawe wawe watu wazima wa kuelezwa habari za kwao. Walijua tu kwamba mama yao ni Mwarabu wa Zanzibar. Hawakujua nyanya yao alikuwa nani, wala sikukuu zilisherehekewaje.

Kwa hiyo aliwaandikia yote: namna mtoto anavyopokewa anapozaliwa, masomo ya msahafu, mfungo wa Ramadhani na Idi, harusi na matanga, dawa na uganga, safari za mashambani msimu wa karafuu, tabia za baba yake, na kifo cha mama yake. Kitabu hicho kimehesabiwa miongoni mwa maandishi ya kwanza ya maisha kuchapishwa na mwanamke wa Kiarabu. Wasomaji wa Ulaya walikitafuta kwa hamu ya kuchungulia ndani ya nyumba ya Sultani. Wanahistoria wa leo wanakisoma kwa sababu hakuna shahidi mwingine wa ndani aliyeandika kwa undani huo kuhusu maisha ya wanawake wa ukoo ule katikati ya karne ya 19.

Kina pia upande unaoumiza. Emily aliutetea utumwa wa Zanzibar akiuona kuwa wa upole kuliko ule wa Amerika, na aliwasema Waafrika waliokuwa watumwa kwa maneno ya dharau. Mjini Hamburg uwanja mdogo ulipewa jina lake mwaka 2019, na muda si mrefu baadaye viongozi wa wilaya wakaamua kuliondoa kwa sababu ya maandishi hayo. Mwanamke ambaye mama yake mwenyewe alitekwa utotoni hakuiona, au hakutaka kuiona, huzuni ile ile katika macho ya waliopalilia mashamba ya baba yake. Anayemkumbuka kwa haki hulitaja na hilo.

Mchanga wa pwani

Baada ya 1888 Emily hakurudi kuishi Ujerumani kwa miaka mingi. Aliishi Jaffa na Beirut, karibu na sauti ya Kiarabu, hadi mwaka 1914 aliporejea kwa watoto wake. Miaka yake ya mwisho aliishi na binti yake Rosalie, na ndipo alipofariki Jena.

Wanawe walikuwa wameshajitegemea. Antonie na Rosalie waliolewa. Rudolph alikuwa afisa wa jeshi, kisha mwandishi, akaliunganisha jina la babu na la baba na kuitwa Said-Ruete, na mwaka 1929 akachapisha kitabu juu ya maisha ya Sayyid Said. Alifariki Uswisi mwaka 1946. Yeye pia aliyatunza maandishi mengine ya mama yake, yaliyopangwa kama barua kwa rafiki wa Zanzibar na kueleza maisha ya Ulaya. Hayo yalichapishwa muda mrefu baada ya kifo cha mwandishi, na humo ndimo habari za mumewe zinapatikana kwa upole mwingi zaidi.

Majivu ya Emily yalizikwa katika makaburi ya Ohlsdorf mjini Hamburg, katika eneo la familia ya Ruete, pamoja na mume aliyemtangulia kwa miaka 53. Ndani ya kaburi kuliwekwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar kilichokutwa katika vitu vyake. Kisiwani kwao, makumbusho ya jumba la kifalme la Forodhani yalitenga chumba kwa ajili yake, na magofu ya Mtoni bado yanatembelewa na wageni. Mashamba aliyoyadai hayakuwafikia wanawe. Kilichowafikia ni kile alichokiandika, kwa mkono uliojizoeza kwa siri juu ya mfupa wa ngamia.